Kusogeza karavani nzito lupangoni: nini ununue, na gurudumu ambalo hakuna muuzaji anayekutajia

Tangu mvua zianze, malalamiko ya wasomaji yanafanana kana kwamba wamekaa wakaandikiana. Mama mmoja wa mtaa wa Golf, hapa Lubumbashi, alinunua mota ya kusogezea karavani, ile nyumba ya magurudumu inayokokotwa na gari, akaambiwa mota ina uwezo wa tani 2. Karavani yake ina kilo 1500. Siku ya kuitoa, mota ilinguruma, pua ya karavani ikazama kwenye udongo, na safari ikaishia hapo hapo. Baba mwingine, upande wa Kasapa, aliwaita vijana wasukume. Walipofika langoni gurudumu la mbele lilipinda, kona ya karavani ikagonga nguzo. Wa tatu alijaribu kurudisha mashine dukani, na muuzaji akamjibu kwamba kifaa ni kizima, ardhi yake ndiyo mbaya.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Ardhi ya Lubumbashi si siri. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo wetu mwekundu unalainika, na anayeuza vifaa hivi anaishi hapa hapa, anaukanyaga kila siku. Ukimuuzia mtu wa Lubumbashi kifaa cha kusukuma karavani bila kumuuliza lupango wake, yaani kiwanja cha nyumbani, una saruji au udongo, umechukua pesa yake bure.

Kwa hiyo sitazungumzia rimoti wala rangi, na ile namba ya tani iliyoandikwa kwenye boksi tuiweke pembeni. Namba hiyo ni ya sakafu ngumu na tambarare. Kwenye saruji nzuri, karavani ya kilo 1500 inahitaji msukumo wa kilo 20 au 30 tu ili iende. Kwenye udongo uliolowa, msukumo huo unaweza kupita kilo 150. Ukiwa na mteremko wa mita moja kwa kila mita kumi, ongeza kilo 150 nyingine. Mashine ni ile ile, karavani ni ile ile, ila kazi imekuwa mara kumi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe: gurudumu dogo la mbele, lile linaloshuka kwenye bomba ukishaiachanisha karavani na gari. Karibu kila karavani inayotufikia kupitia mpaka wa Kasumbalesa inalo la mpira mgumu, kipenyo cha sentimita 20, upana wa sentimita 5. Juu ya sentimita hizo 5 kunakaa uzito wote wa pua, mara nyingi kilo 75 hadi 100, na zaidi ukiwa umepakia mitungi ya gesi na betri mbele. Kwenye udongo laini, gurudumu hilo halibiringiki. Linakata. Likishakata sentimita chache, kila nguvu unayoongeza nyuma inalizamisha zaidi au inalikunja bomba lake. Unaweza kununua mota ya bei kubwa kuliko zote duniani, pua yako itabaki kwenye kisu hicho.

Kabla ya kutoa dola hata moja kwa kifaa kingine, badilisha gurudumu hilo. Tafuta la upepo, pana, la kipenyo cha sentimita 26 na upana wa sentimita 8 hivi. Pima bomba lako kwanza: mengi ni ya milimita 48, lakini yapo ya 34 na ya 60, na kibano cha 48 hakitashika bomba la 34 hata ukikaza vipi. Angalia pia uzito ulioandikwa; linaloandikwa kilo 150 likiwa limesimama halikutengenezwa kukokotwa juu ya mawe likiwa na kilo 150. Usilitoe bomba nje sana wakati wa kusogeza, maana likitoka nje kwa urefu ndipo linapopinda. Na mbele ya gurudumu laza mbao pana, unazihamisha kadiri unavyokwenda. Nimesema haya kwa urefu kwa sababu katika barua zote nilizopokea hakuna hata mmoja aliyeulizwa dukani kuhusu gurudumu la mbele.

Haya, vifaa vyenyewe, kuanzia ninachokipenda.

Namba ya kwanza ni Tirfor. Naipendelea waziwazi na sitajificha. Ni mashine ya mkono ya kampuni ya Tractel: kebo ya chuma inapita ndani yake, taya mbili zinaishika kwa zamu, wewe unavuta wenzo mbele na nyuma, na mzigo unakuja sentimita chache kwa kila mvuto. Haihitaji betri, na katika mji ambao SNEL, shirika la umeme, inakata umeme usiku unaotaka kuchaji, hilo si jambo dogo. Haitegemei tairi lako kushika ardhi. Ukiachia wenzo, mzigo unabaki pale pale. Ukitaka kuuteremsha, kuna wenzo wa pili unaourudisha taratibu kwa kipimo kile kile. Hakuna kifaa kingine katika orodha hii kinachoshusha karavani kwenye mteremko kwa utulivu kama huo.

Watu wanakosea ukubwa. Wanasikia karavani ya tani moja na nusu, wananunua TU-16, ambayo inanyanyua kilo 1600 na yenyewe ina uzito wa kilo 18 hivi bila kebo. Hauinyanyui karavani, unaikokota. Hata kwenye matope na mteremko, TU-8 ya kilo 800 inatosha kwa karavani ya kilo 1500, na mama anaweza kuibeba peke yake. Ukihitaji nguvu zaidi, ongeza kapi moja, kebo inarudi na nguvu inakaribia kuwa maradufu. TU-16 waachie wenye remorki za tani mbili na nusu.

Ina faida nyingine ambayo sijawahi kusikia ikitajwa dukani. Ukisukuma karavani ya zamani kinyumenyume kwa gari, ule mkono wa mbele unaoshikana na gari unajikunja na breki zinajibana zenyewe. Karavani hizo zina kilimi cha kuinua kwa mkono ili breki zisishike, na wengi hawajui kipo. Ukiivuta kutoka nyuma kwa Tirfor, mkono haukunjwi, breki zinabaki huru, inakuja laini.

Masharti yake ni haya. Funga kebo kwenye chasi, siyo kwenye bampa wala kwenye ngazi. Nanga iwe mwembe mkubwa uliozungushiwa mkanda mpana, au vigingi vya chuma vilivyopigwa chini. Nguzo ya lango haifai. Mtu mmoja avute, mwingine aongoze pua, na watoto wakae mbali na mstari wa kebo. Kuna pini ndogo zinazokatika makusudi mzigo ukizidi. Pini za akiba huwa ndani ya mashine yenyewe, na ukiona fundi ameweka msumari badala ya pini, usiinunue hiyo mashine. Kebo nayo lazima iwe ya kipenyo chake: milimita 8.3 kwa TU-8, 11.5 kwa TU-16. Kebo ya ujenzi iliyokaribiana inateleza kwenye taya. Na hapa nina hasira na wauzaji wa mjini wanaotoa mashine bila kebo, wakisema utapata yoyote sokoni. Wanakutajia bei ya dola, wanapokea franka kwa kiwango chao wenyewe, kisha kebo inakuwa bei nyingine na ndoano bei nyingine tena. Dai vyote kwenye faktura moja kabla ya kulipa.

Namba ya pili, kama una Land Cruiser au gari lolote zito: fungisha tufe la kukokotea mbele ya gari. Fundi mzuri wa kuchomelea anaweza, alimradi alifunge kwenye chasi ya gari na siyo kwenye bampa la bati. Ukiishika karavani kwa mbele, unaiona yote, unaielekeza kwa usukani unaoitika haraka, na gurudumu dogo halina kazi tena kwa sababu pua imebebwa na gari. Hilo peke yake linaifanya istahili nafasi hii. Kasoro yake ni nafasi: gari linahitaji urefu wa kusogea mbele ya karavani, na malupango yetu mengi hayana.

Namba ya tatu, mota za rola. Mashine zenyewe si mbaya. Truma ya Ujerumani, na AL-KO ya huko huko, zimetengenezwa vizuri: rola inabanwa kwenye tairi, betri ya volti 12 inaizungusha, nawe unaongoza kwa rimoti. Kwenye lupango wenye saruji au paving, chukua Truma bila kusita. Kwenye udongo, rola inasugua tairi lililopakwa matope na kuteleza, huku gurudumu la mbele likichimba. Hesabu pia kilo 30 hivi zinazoongezeka chini ya karavani, betri kubwa yenye afya, na chasi: nyingine zinadai vibano vya ziada. Muulize muuzaji mteremko wa asilimia ngapi kwa uzito wako. Akikujibu kwa tani peke yake, hajui anachouza.

Vitoroli vya betri vinavyoshika pua, kama Parkit360 ya Kanada, vina magurudumu mapana na vinatatua tatizo la kuzama. Lakini vinategemea uzito wa pua kupata mshiko, na kikiharibika kipuri ni cha kusubiri kutoka nje.

Kitoroli cha mkono cha magurudumu mawili kinafaa karavani nyepesi kwenye saruji.

Chochote utakachochagua, nunua kabari nne za matairi siku hiyo hiyo. Karavani zenye breki zinazojiachia wakati wa kurudi nyuma zinaweza kurudi robo mita hivi hata kama breki ya mkono imevutwa, kabla haijashika. Vuta wenzo wa breki hadi mwisho, weka kabari, ndipo uachanishe gari.

Asiye na uwezo wa Tirfor mwaka huu anunue gurudumu pana la upepo na mbao mbili nzuri, na karavani aisogeze asubuhi ya siku kavu.