TAHADHARI: Mafuta ya nazi "safi" yanayouzwa kwa madumu hapa Lamu

Wenzangu mnaopika sabuni na mnaouza mafuta ya nywele, kaeni macho. Kuna muuzaji anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba ana mafuta ya nazi safi, bei chini kabisa ya wanayouza akina mama wanaokamua wenyewe. Anataka nusu ya pesa mbele. Dumu linakuja na boti kutoka Mokowe, kifuniko kimezungushiwa selotepu.

Ujanja uko kwenye sampuli. Kichupa anacholeta kwanza ni nazi kweli. Ya kwenye dumu yananukia nazi (kali mno, kama pafyumu), lakini niliyatia kwenye friji usiku kucha na asubuhi bado yanatiririka. Nilipompigia akasema, "Haya ni daraja la kwanza dada, ndiyo maana hayagandi." Uongo mtupu!

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za selsiasi. Jua letu likifika 30, hata ya halali yatakuwa maji, kwa hiyo msimhukumu mtu kwa hilo. Kwenye friji, nyuzi 4 au 5, lazima yawe meupe, magumu, kijiko kigonge. Karibu nusu ya asidi za mafuta zilizomo ni ya aina iitwayo lauriki, na esta za asidi hiyo (chembe za mafuta zinazoundwa asidi ikiungana na gliserini) hujipanga zikashikana mapema. Alizeti nayo ni esta, ila asidi zake zimepinda, hazipangiki, ndiyo maana friji haiyagandishi mafuta yake. Ukichanganyiwa utaona uji laini wenye majimaji.

Yako pia mafuta ya nazi yaliyoondolewa esta zinazoganda. Ni bidhaa halali, lakini ni ghali, hayauzwi kwa bei ya kutupa.

Dumu langu halikuwa na hata hayo. Nilipopika na kostiki soda, sehemu kubwa iligoma kugeuka sabuni, ikabaki inaelea juu, angavu, haina rangi. Soda huvunja esta. Mafuta ya madini, yale ya kupaka watoto, si esta, hivyo haiyagusi. Aliyenunua ya kupikia wali asiyatie chunguni.

Namba anabadilisha. Dumu likifika, lifungue palepale gatini, chota kichupa, na usimalizie pesa mpaka kilale kwenye friji. Akikataa, dumu lirudi na boti lililolileta.