Royal Canin Gastrointestinal kwa mbwa anayechagua chakula: miezi 3 na Popi wangu

Popi ni koko aliyechanganyika, kilo 11, miaka 4, na tangu mdogo tumbo lake halijawahi kutulia. Ugali wa dona na dagaa ambao mbwa wote wa mtaani kwetu Tabata wanakula mpaka wanalamba sufuria, yeye anachambua dagaa mmoja mmoja ugali anauacha unakauka, na kesho yake anaharisha. Akilala na njaa asubuhi anatapika povu la njano, ikafika mahali naamka saa 11 alfajiri kusikilizia tu kama ameshaanza huko kibarazani.

Nimehangaika jamani. Nikawa nampikia wali mlaini na kidari cha kuku, bila mafuta, bila chumvi, bila kitunguu (kitunguu maji na saumu vyote ni sumu kwa mbwa, tuache kuwamwagia mabaki ya mchuzi), tumbo likatulia kweli ila dokta wa mifugo akaniambia hiyo ni ya siku chache, ukimlisha hivyo miezi atakosa kalsiamu na madini mengine. Nikahamia duka moja wanapima chakula kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, siku ya pili tu Popi katapika, nilivyonusa vizuri kumbe kinanuka mafuta yaliyochacha. Sirudi tena pale.

Dokta akapima kinyesi kwanza kuhakikisha sio minyoo, ndo akatuandikia hii, maana ni chakula cha matibabu, usijichukulie tu. Na angalia paketi vizuri, kuna ya kawaida na kuna Low Fat yenye mafuta kidogo, hiyo mara nyingi wanaandikiwa wenye shida ya kongosho.

Siku ya kwanza alinusa akaondoka. Roho iliniuma, na bei yenyewe ile! Nikamimina maji ya moto kidogo nikaacha yapoe mpaka vuguvugu, harufu ikapanda, akarudi akachukua punje moja akaenda kuiweka kwenye mkeka, akaiangalia weee, akaila. Akarudi kuchukua nyingine. Nilikaa pale chini namtazama mpaka kibakuli kikaisha.

Ila msimbadilishie ghafla, mimi nilichanganya na wali wake siku 7, robo, nusu, robo tatu, ndo nikaacha wali kabisa. Wiki ya 2 kinyesi kikaanza kushikana, sasa hivi naokota na karatasi bila kuchafua chini. Povu la njano nalo limekata, lakini hapo nadhani kilichosaidia zaidi ni kugawa chakula mara 3, cha mwisho saa 4 usiku ili asikae tumbo tupu muda mrefu.

Tatizo ni bei tu, kwa kweli inauma. Anakula kama gramu 160 kwa siku kwahiyo paketi ya kilo 2 inaisha siku 12 hivi, na kubwa siitaki maana ikishafunguliwa ikakaa na joto hili la Dar itachacha kama ile ya gunia. Naikunja ikiwa kwenye mfuko wake wenyewe naiweka ndani ya ndoo yenye mfuniko.

Nyota 4 kutoka kwangu. Jumamosi naenda kuchukua paketi nyingine.