Mafunzo ya biashara ya nafaka Geneva: uzoefu wangu

Kama unafanya kazi ya nafaka hapa Mombasa na umeona tangazo la mafunzo ya kazini ughaibuni, haya ndiyo niliyoyakuta Geneva. Nilikwenda nikiwa mtu wa ghala: bambo mkononi, nadunga magunia kutoa sampuli, napima unyevu. Kule sikugusa punje hata moja. Ni simu na majedwali kutwa.

Mwanzo ni hesabu. Soko la Chicago, Marekani, hutaja bei ya ngano kwa senti za dola kwa busheli, na tani moja ni busheli 36.74. Senti 600 basi ni kama dola 220 kwa tani, bado nauli ya meli na bima. Ukishazoea, si kazi.

Kilichonifaa hasa ni meza ya utekelezaji wa mikataba. Mkataba wa Gafta, chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa nafaka, huwa na kurasa ambazo huku tunazipitia juu juu, na mgogoro ukizuka unasuluhishwa kwa sheria ya Uingereza, si kwa kelele za getini. Halafu dimareji, yaani malipo ya kuichelewesha meli! Mvua ya masika ikinyesha Kilindini, meli hufunga mifuniko na makuli huketi. Sisi huona ni kuchelewa tu. Wao huandika saa mvua ilipoanza na ilipokatika, wakarudi kwenye mkataba kuangalia kama saa hizo zinahesabiwa au la. Meli kubwa ikikaa zaidi ya muda wake, kila siku ni maelfu ya dola, na anayeshinda ni mwenye kumbukumbu zilizotiwa saini. Kwa somo hilo peke yake, ningekwenda tena.

Upande mbaya: mahindi meupe ya ugali hayamo. Yao ni ya njano, ya chakula cha mifugo. Malori ya magunia yanayovuka mipaka yetu na Uganda na Tanzania hayana hata ukurasa mmoja, wala kikomo chetu cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, cha sehemu 10 kwa bilioni.

Posho nayo, wallahi, iliishia kwenye kodi ya chumba. Waandaaji walisema “malazi yatasaidiwa”, neno lisilo na kiasi. Dai kiasi hicho kwa maandishi kabla hujapeleka pasipoti ubalozini. Na kama wewe ndiyo kwanza umemaliza chuo, anza na msimu mmoja bandarini. Geneva hakuna atakayekueleza meli inavyopakuliwa.