Kruzi kontroli ya rada: hicho kitufe cha umbali mnakionea

Haya wanangu karibuni tena, leo tuko barabarani kabisa, kamera kashika mdogo wangu hapo pembeni kwa hiyo ikicheza cheza mlaumuni yeye, mimi macho yako mbele. Na jina la gari leo silitaji. Nikilitaja tu komenti zote zitakuwa injini ngapi, inakula mafuta kiasi gani, na mimi nataka tuongee kitu kimoja tu, kruzi kontroli, hii inayoshika mwendo na kumfuata gari wa mbele yenyewe, ikipima umbali wake kwa rada, na hasa kitufe kimoja ambacho watu wananunua gari na wanaliuza hawajawahi kukigusa.

Kuwasha siwafundishi, mnajua, unafika mwendo unaoutaka unabonyeza SET, ukikanyaga breki inakata, tunaruka hiyo.

Kitufe chenyewe hiki hapa. Mdogo wangu sogeza kamera. Mnakiona, kina kagari na vimistari nyuma yake. Hivyo vimistari ndo umbali kati yako na gari la mbele, na watu wengi wakikigundua wanafanya kitu kimoja, wanapunguza mpaka kabaki kamoja, eti nikiacha nafasi watu watachomekea. Halafu huyohuyo anakuja kwenye komenti zangu anasema kaka hii kruzi mbovu, inashtuka, inapiga breki hovyo, mke wangu anatapika. Aisee! Siyo mbovu, umeibana mwenyewe.

Ngoja tuifanye live. Mbele yetu kuna lori, mwendo wangu nimeweka kilomita 100 kwa saa. Naweka kimstari kimoja. Cheki... tunasogea, tunasogea, tunasogea, bado haijafanya kitu, haya lori limepunguza kidogo tu, ona! Umeona kichwa kilivyoenda mbele? Breki hiyo. Sasa lori limeongeza, na sisi tunavutwa, injini inanguruma, tumelifikia tena, breki tena. Na aliye nyuma yangu kila mara anaona taa nyekundu, anajiuliza huyu jamaa mbele ana shida gani. Dakika kumi za hivi umechoka kuliko ungeendesha mwenyewe.

Sasa naongeza, vyote. Sikilizeni injini. Lori limepunguza... mmesikia kitu? Hamna. Imeachia mafuta tu, gari limepoa lenyewe, breki haijaguswa. Lori limeongeza, na sisi tunaongeza taratibu. Hiyo ndo raha ya hii kitu bwana, mguu umepumzika na aliye kiti cha nyuma anaendelea na usingizi wake.

Sababu yake ni hesabu ndogo tu. Huo umbali haukai kwa mita, unakaa kwa sekunde. Ukiwa kwenye 100 gari linakula karibu mita 28 kila sekunde moja. Ukiweka mfupi kwenye mifumo mingi unapata sekunde moja na ushee hivi, ukiweka mrefu unapata sekunde mbili na zaidi, yaani mita 55 kwenda juu. Kompyuta ikiwa na nafasi inaachia mafuta tu inatosha. Ikiwa haina nafasi inabaki na breki peke yake.

Na la kuchomekewa, tuseme ukweli, watachomekea. Sikatai. Lakini mtu akiingia mbele yako, mfumo ukirudisha umbali wako, umepoteza nini? Sekunde mbili. Wakichomekea watu kumi umepoteza sekunde ishirini, safari nzima. Kweli kwa sekunde ishirini unakubali kupigwa breki njia nzima?

Halafu mnajua hii kitu ilitoka wapi? Kuna injinia Mmarekani anaitwa Ralph Teetor, kipofu tangu utoto, inasimuliwa kwamba alikuwa akipanda gari la mwanasheria wake, jamaa akiongea anapunguza, akisikiliza anaongeza, gari linashtuka shtuka tu, Teetor akachoka akatengeneza kifaa cha kushika mwendo. Hataza, yaani haki ya uvumbuzi wake, akaipata 1950, Chrysler wakaiweka kwenye magari yao 1958. Yaani imebuniwa kuondoa kushtuka, na wewe unabonyeza kitufe kukurudisha palepale.

Haya, ninachokichukia sasa. Usukani. Huu mfumo wa kukuweka katikati ya leni, kwenye hili gari, unanivuta. Mstari ukififia kidogo unaenda kulia, unajirekebisha kushoto, kama mtoto anayejifunza baiskeli. Nimezima. Naacha ile ya kutoa onyo tu nikitoka kwenye leni, inatosha. Kuna magari inafanya vizuri sana, sikatai, ila hili hapana. Na ile kelele ya shika usukani wakati umeushika! Magari mengi kinachopimwa ni nguvu ya kuuzungusha, siyo kuguswa, kwa hiyo ukiushika sawasawa mikono miwili bila kuuvuta popote linaona haupo. Ulalishie mkono mmoja uzito kidogo upande wa chini, kelele zinaisha. Na nyie mnaofunga chupa ya maji kwenye usukani ili lidhani kuna mkono, naomba msiniandikie tena. Wanaoruhusu kuachia mikono, kama Super Cruise, mfumo wa kampuni ya GM, wana kamera inaangalia macho yako kama yako barabarani, siyo chupa.

Tesla najua mtauliza, wao wanaona mbele kwa nini. Kule Marekani walianza kutoa rada kwenye Model 3 na Model Y mwaka 2021, wakabaki na kamera. Subaru na EyeSight, mfumo wao wa kuona mbele, wanajulikana kwa kamera mbili, kama macho. Hiyo nataka niifanyie video yake, wiki ijayo kama mtanifikisha kwenye laiki, sasa hivi mnaangalia wengi laiki hamna, sijui mnaziweka akiba.

Kitu ambacho hakuna kuleta utani ni gari lililosimama. Mifumo mingi ukiwa mwendo mkali inaweza isilione gari lililosimama mbele, kwa sababu rada inarudishiwa na kila kitu kisichotembea, vibao, madaraja, kingo, na ikipigia breki kila kibao hutaendesha. Kwa hiyo vitu vingi vilivyosimama inavipuuza. Mnayemfuata akihama leni ghafla na mbele kuna lori limeharibika, usiisubiri gari, kanyaga wewe. Mguu ukae karibu na breki, siyo umeukunja kwenye kiti. Na ukiikanyagia mafuta wakati kruzi iko kazini, magari mengi haitapunguza mpaka uachie.

Njia ya kutokea barabara kuu nayo, izime kruzi kabla. Uliyekuwa unamfuata anaendelea moja kwa moja, wewe unaingia kwenye kona, gari linaona mbele kweupe, linakumbuka uliliwekea 100. Hapo ndo watu wanapiga yowe. RES, kitufe cha kurudisha mwendo uliouweka mwanzo, hivyohivyo, angalia kwanza namba iliyobaki kwenye dashibodi, unaweza kuwa kwenye 50 na yenyewe inataka 110. Mvua kubwa zima, tairi ikianza kuelea juu ya maji hutaki gari linaloongeza mafuta lenyewe.

Bei. Mwaka 1999 Mercedes waliiweka kwenye S-Class, ilikuwa kitu cha mabosi, leo iko kwenye magari ya kawaida kabisa. Ila ukinunua iliyotumika kuwa makini, gari lilelile mwaka uleule moja linakuwa na kruzi ya kawaida, inayoshika mwendo tu, na lingine lina rada, muuzaji atakwambia ina kruzi na hajadanganya. Wewe tafuta kitufe cha kagari na vimistari. Na kioo cha mbele ukikibadilisha, kamera iliyo nyuma ya kioo cha kati lazima ipimwe upya, uliza bei yake kabla hujaagiza kioo, isikushangaze baadaye.

Haya, naona huko mbele kunajaa, nazima kruzi nishike mwenyewe. Andikeni hapo chini gari lako lina vimistari vingapi na umeweka kingapi, na usinidanganye.