Hernán Crespo kama kocha: klabu inayomwajiri inapata nini

Anayemwajiri Hernán Crespo, mshambuliaji wa zamani wa Argentina aliyegeuka kocha, ananunua timu ya mtoano, yaani ya mechi ambazo anayeshindwa anatoka. Hilo lisemwe mapema, maana makombe yake yanaweza kumfanya mwenye klabu atarajie zaidi ya hapo.

Kama mshambuliaji hana deni kwa mtu. River Plate ya Argentina ilipotwaa Copa Libertadores, kombe kuu la klabu za Amerika Kusini, mwaka 1996, mabao yote mawili ya marudiano ya fainali yalikuwa yake. Msimu wa 2000/01 akawa mfungaji bora wa Serie A, ligi kuu ya Italia, akiwa Lazio, kwa mabao 26. Argentina aliifungia mabao 35 katika mechi 64. Ila ukitaka kumwelewa kocha, tazama bao lake la pili akiichezea Milan, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Istanbul, mwaka 2005. Kaká anageuka na mpira katikati ya uwanja, Crespo anachomoka kati ya mabeki wa Liverpool, na bila kuutuliza mpira anauinua juu ya kipa Dudek. Milan ilipoteza kombe kwa penalti, lakini mbio zile ndizo anazozidai kwa washambuliaji wake mpaka leo.

Kama kocha, Modena ya Italia ilimtimua kabla msimu haujaisha, na Banfield ya Argentina hakukaa mwaka. Alipofika Defensa y Justicia, ya Argentina pia, ndipo kazi ikaonekana. Januari 2021 timu hiyo ndogo iliifunga Lanús 3-0 mjini Córdoba na kuchukua Copa Sudamericana, kombe la pili kwa hadhi la klabu za Amerika Kusini na kombe kubwa la kwanza katika historia yake. Miezi minne baadaye, akiwa amehamia São Paulo ya Brazil, klabu hiyo ikaifunga Palmeiras na kubeba ubingwa wa jimbo, iliokuwa haijaugusa tangu 2005.

Kazi yake bora kabisa ni Al Ain, Falme za Kiarabu, kwenye Ligi ya Mabingwa Asia 2023/24. Aliitoa Al Nassr ya Saudi Arabia kwa penalti, kisha mechi ya kwanza ya nusu fainali akaifunga 4-2 Al Hilal, ya Saudi Arabia pia, timu iliyokuwa imeshinda mechi 34 mfululizo. Al Hilal iliachiwa mpira. Kila ilipoupoteza, pasi ya kwanza ilikwenda mbele kumtafuta mshambuliaji wa Al Ain, Soufiane Rahimi, nyuma ya mabeki waliokuwa wamepanda. Rahimi alifunga matatu kabla ya mapumziko. Fainali Al Ain ilifungwa 2-1 na Yokohama F. Marinos kule Japani, ikashinda 5-1 nyumbani. Kadi nyekundu ya kipa wa Marinos ilisaidia, tukubali, lakini Rahimi alikuwa ameshafunga dakika ya 8 kwa mbio zilezile.

Kasoro iko hapohapo. Mpinzani akikaa nyuma na kukuachia mpira, nafasi ya kukimbilia haipo. Tena mfumo wake wa mabeki watatu unawategemea mno watu wa pembeni: wapande kama mawinga, warudi kama mabeki. Wakichelewa kurudi, mabeki wa kati wanavutwa pembeni na katikati panabaki wazi. Kwenye mtoano unaweza kuwapumzisha; ligi haina huruma hiyo. Msimu ule wa ubingwa wa Asia, ligi ya nyumbani ilichukuliwa na Al Wasl. Vuli ya 2024, kwenye michuano ileile ya Asia, Al Ain iliruhusu mabao 4 kwa Al Gharafa ya Qatar, 5 kwa Al Hilal na 5 kwa Al Nassr, mechi tatu zikifuatana, na Crespo akaondoka. São Paulo nayo iliachana naye Oktoba 2021, ikiwa nusu ya chini ya msimamo wa ligi ya Brazil.

Ubingwa wa Qatar alioupata na Al-Duhail msimu wa 2022/23 unaonyesha ligi anaiweza, akiwa na kikosi kinachowazidi wengine kwa mbali. Asiye na kikosi hicho aanze na usajili: watu wawili wenye pumzi kwa kila upande, na mshambuliaji mmoja mwenye kasi anayejua kusubiri mstari wa kuotea. Bila hao, bora atafute kocha mwingine.