Linux Mint Xfce kwenye kompyuta ya mwaka 2011: tathmini baada ya miezi minne dukani

Kompyuta ninayoizungumzia ni mpakato ya mwaka 2011, yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 320, ambayo dada yangu aliinunua ikiwa mtumba kwa ajili ya steshenari yake hapa Tanga. Ilikuwa ikiendeshwa na Windows 10, na kila asubuhi mteja wa kwanza alisubiri zaidi ya dakika tano kabla ya barua yake kuanza kuchapwa. Microsoft iliposimamisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kuhamia Windows 11 hakukuwezekana, kwa sababu mfumo huo unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya kuliko ile ya mashine yetu. Nilimwomba dada aniachie mashine hiyo kwa siku mbili, nikaiwekea Linux Mint 22, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, toleo la Xfce, na sasa ni mwezi wa nne inafanya kazi ya duka.

Mint hutolewa bure katika sura tatu, yaani Cinnamon, MATE na Xfce, na hii ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko wenzake. Watengenezaji wanataka angalau RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20 kwenye diski, ingawa wao wenyewe wanapendekeza GB 4 na GB 100, na mimi nawaunga mkono kwa moyo wote. Mfumo wenyewe ukishawaka hutumia RAM isiyofika GB 1, lakini kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa humeza iliyobaki mara moja. Mwenye GB 2 ataweza kuandika barua bila shida. Kuandika huku video ikicheza pembeni ni jambo jingine.

Faili la kupakua lina ukubwa unaokaribia GB 3, kwa hiyo andaa bando la kutosha au tafuta mahali penye Wi-Fi. Likishakamilika, usilitumie kabla ya kulinganisha alama yake ya sha256, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotambulisha faili, na ile iliyochapishwa na watengenezaji. Nasisitiza hili kwa sababu mwezi Februari 2016 wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili lililotiwa mlango wa siri, na ukaguzi huu unaochukua dakika moja ndio ungewaokoa waliolipakua. Baada ya hapo nililiandika faili kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya balenaEtcher, ambayo hufuta kila kilichomo kwenye flashi, nikahamishia kazi zote za wateja kwenye diski ya nje, kisha nikaiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi.

Jambo ninalolipenda zaidi katika Mint ni kwamba unaweza kuitumia ikiwa bado kwenye flashi, bila kugusa diski. Humo ndimo nilipogundua kwamba kadi ya Wi-Fi haitambuliki. Nilichomeka simu kwa waya wa USB, nikaruhusu igawe intaneti kupitia waya huo, na kompyuta ikaingia mtandaoni papo hapo. Baada ya kusakinisha mfumo, kidhibiti cha madereva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, kikanionyesha dereva ya kadi ile, nikaichagua, nikawasha upya, na Wi-Fi ikafanya kazi. Asiyeijua njia hii ya simu anaweza kukata tamaa mapema na kuamini kwamba mashine yake imeshindikana. Usakinishaji wenyewe ulichukua kama nusu saa na maswali yake ni machache, ila swali la kufuta diski yote lisomwe mara mbili, kwa maana ukishakubali hakuna kurudi nyuma.

Kazi ya steshenari ndiyo iliyonionyesha mipaka. Mteja mmoja alileta barua ya maombi ya kazi iliyoandikwa katika Word kwa fonti ya Calibri, na ilipofunguliwa ndani ya LibreOffice, programu ya ofisi tunayoitumia badala ya Word, mistari ikatanuka hadi saini yake ikaangukia ukurasa wa pili peke yake. Tulisakinisha fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na saini ikarudi mahali pake. Majedwali mazito ya Word bado huvurugika mara mojamoja, kwa hiyo dada huwaomba wateja walete pia nakala ya PDF. Kwa upande mwingine, kamusi ya kukagua tahajia za Kiswahili ipo na inasaidia, jambo lililonikumbusha mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. LibreOffice ni mzao wa OpenOffice hiyohiyo.

Siku moja umeme ulikatika katikati ya sasisho, na betri ilikuwa imekwisha nguvu zamani. Kompyuta iliwaka tena, lakini ikakataa kupokea programu mpya mpaka nilipofungua terminali, dirisha la kuandikia amri, na kuandika «sudo dpkg --configure -a», amri inayokamilisha usakinishaji uliokatika. Tangu hapo dada hasasishi chochote kabla ya kupiga picha ya mfumo, yaani nakala ya kurudia mambo yakiharibika, kwa programu ya Timeshift, ambayo huja ndani ya Mint.

Sasa mashine huwaka kwa muda wa dakika moja na nusu hivi, na sehemu kubwa ya muda huo ni diski yenyewe kuzunguka. Mwenye fedha kidogo anunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kabla ya kufikiria kitu kingine chochote. Na mwenye prosesa ya biti 32 asipakue toleo hili, kwa kuwa Mint hii imekuwa ya biti 64 pekee tangu toleo la 20 la mwaka 2020; ajaribu antiX 23, mfumo mwingine mwepesi wa Linux wenye toleo la biti 32. Mint 22 itapokea masasisho ya usalama hadi mwaka 2029, na dada ameshaniletea kompyuta ya pili.