Molasi ya ng'ombe kwenye kutu ya Chevrolet: inafaa, ila si kwa kila chuma

Ile molasi nyeusi inayouzwa kwa dumu kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, ambayo mfugaji wa Rungwe au Njombe humwagia majani makavu ili ng'ombe ayapende, ndiyo dawa ya kutu tunayoiweka mbele ya nyingine zote kwa mtu wa Mbeya au Iringa anayefufua kabini ya pikapu kuukuu ya Kimarekani. Ni ya polepole, inanuka, na kuna vyuma ambavyo ikivipata vimekwisha. Lakini kwa bodi nyembamba yenye mikunjo na mifuko ya ndani, hatujaona kitu kingine kinachopatikana huku kwa urahisi kinachotoa kutu yote na kuacha chuma kizima mahali pake. Nyota nne kwa tano. Ya tano imeondoka kwa sababu ya baridi yetu, na hilo linaelezwa huko chini.

Tumeipima kwa mahitaji ya Chevrolet 3100, pikapu ya nusu tani ya kizazi kilichotengenezwa kuanzia 1947 hadi mwanzoni mwa 1955, kwa sababu sehemu zake zinazooza zinajulikana: pembe mbili za nyuma za kabini, chini ya milango, sakafu pale miguu inapokanyaga, vipande vya chini vya nguzo za mbele, na vikalio vya kabini, yaani pale kabini inapofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Sehemu nyingi kati ya hizo zina karatasi mbili za chuma zilizobanwa pamoja. Maji na matope yakishaingia katikati hayana pa kutokea. Brashi ya waya haifiki huko, msasa haufiki, ila molasi inafika kwa kuwa ni maji.

Anayerudisha gari kama lilivyotoka kiwandani anaweza kuvumilia karatasi iliyobaki nyembamba kidogo. Wa hot rod, yaani gari kuukuu lililofungwa injini yenye nguvu zaidi, hawezi. Injini ya asili ya silinda sita, ile ya inchi za ujazo 216, ilitoa nguvu za farasi kama 90. Ukifunga 1UZ-FE ya Toyota, V8 ya cc 3,969, umevuka 250. Chasisi ile inapindwa kwa nguvu ambayo haikuwahi kuijua, na vikalio vilivyoliwa na kutu hupasuka kuzunguka bolti. Ndiyo maana kabla ya kuulizana injini au rangi, lazima ujue chuma kiasi gani kimebaki, na hutajua mpaka kutu yote itoke. Grainda haikupi jibu hilo: inang'arisha juu, inapunguza chuma kizima, na kutu ya ndani ya vishimo inabaki palepale.

Molasi ina viambata vinavyoshika oksidi ya chuma na kuiingiza kwenye maji, huku chuma chenyewe kikiguswa kidogo sana. Kiasi ni sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji. Pipa la lita 200 linakula lita 20 za molasi na 180 za maji, na linatosha rimu nne za inchi 16 zikipangwa moja juu ya nyingine, au ngoma za breki na bawaba zote za gari. Kuongeza molasi hadi moja kwa nne hakuharakishi kazi kiasi cha kustahili gharama yake.

Ununuzi ndipo wengi wanapopoteza fedha. Molasi nzuri ina uzito wa karibu kilo 1.4 kwa lita, hivyo dumu la lita 20 lisome takribani kilo 28 kwenye mizani, ukiondoa uzito wa dumu lenyewe. Likisoma 24, karibu nusu yake ni maji, na mchanganyiko wako utakuwa mwepesi kuliko unavyodhani. Nenda na mizani, au mwombe muuzaji apime mbele yako. Duka la vyakula vya mifugo halikosi mizani. Viwanda vya sukari husimama kwa matengenezo wakati wa masika, na kiangazi kikikolea wafugaji nao wanaigombania, kwa hiyo anayepanga kuanza Septemba ni vizuri awe amenunua mapema. Haiharibiki ikikaa kwenye dumu lililofungwa, mradi isiingie maji.

Mlango wa 3100 hauingii kwenye pipa. Hapa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati ya mbao: paini ya Mafinga inatosha kutengeneza sanduku ambalo kwa ndani lina urefu wa mita 1.5, upana 1.3 na kina cha sentimita 30. Lipigilie vigingi pembeni kila nusu mita, la sivyo ubao mrefu unatanuka kwa uzito wa maji na kona zinaachia. Tandika ndani nailoni nzito ya bwawa la samaki, safu mbili, na chini yake magunia ili msumari usitoboe. Likijazwa hadi sentimita 25 linachukua lita 487, maana yake molasi lita 49, kama kilo 69. Mlango ulale juu ya vipande vya bomba la plastiki ili maji yapite chini yake. Usikodi shimo la gereji kwa kazi hii. Molasi ikianza kuchacha hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito na hukaa chini shimoni. Mtu akishuka anaweza kuzimia kabla hajahisi chochote. Kwa sababu hiyohiyo mfuniko wa pipa usikazwe. Funika kwa turubai, funga kamba pembeni, kwa kuwa nyuki, nzi na panya wataifuata harufu.

Kabla ya kuzamisha, mafuta, grisi na rangi lazima vitoke. Molasi haivuki rangi iliyoshika. Unatoa mlango baada ya wiki tatu na kukuta mabaka ya kutu salama salimini chini ya rangi. Rangi za magari ya miaka ile zina risasi, kwa hiyo usizikwangue kavu. Kwa vifaa vya chuma vinavyoingia ndooni, kostiki soda ya watengeneza sabuni inafanya kazi: nusu kilo kwa lita 20, siku moja au mbili, glavu ndefu na miwani, na kostiki ndiyo inayomwagwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Kwa milango na fenda tumia msasa wa maji. Kutu nene inayobanduka kama maganda igonge kwa nyundo ndogo na ikwanguliwe kwanza, la sivyo unalipa molasi na muda kwa kazi ya dakika kumi.

Sasa baridi. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Kazi ambayo katika joto la nyuzi 25 inachukua wiki mbili hadi tatu, Julai inaweza kuvuka wiki sita, na Njombe au Mafinga hata zaidi. Molasi yenyewe inakuwa nzito kama lami na inatua chini bila kuchanganyika. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya maji ya moto. Msimu wake ni Septemba hadi katikati ya Novemba, jua kali na hewa kavu kabla mvua hazijashika. Pipa lipakwe rangi nyeusi na kuwekwa penye jua la asubuhi. Sanduku lifunikwe nailoni angavu kama kitalu cha nyanya. Anayelazimika kufanya kazi Julai afanye vifaa vidogo tu, milango isubiri.

Toa kifaa kila baada ya siku saba, kioshe kwa pampu ya presha, kitazame, kirudishe. Kutu inatoka ikiwa tope jeusi, na kinachobaki ni chuma cha kijivu kilichofifia. Hapa ndipo tundu zinapojitokeza: karatasi iliyoonekana nzima inakuwa kama chekecheo. Molasi haikuzitoboa, zilikuwa zimezibwa na kutu. Pima ukingo wa tundu kwa kalipa. Bodi ya 3100 inakaribia milimita 1.2, geji 18, na tunashauri kukata chochote kilichoshuka chini ya 0.8 mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha kiraka cha geji 18 kileile. Bati la paa ni jembamba mno, na zinki yake ikichomewa hutoa moshi wa sumu na kuharibu uchomeaji.

Kifaa kizame chote. Kikitokeza juu ya maji, pale maji yanapokutana na hewa chuma huliwa na kuacha mstari unaoshikika kwa ukucha, na mstari huo hauondoki. Maji yakipungua kwa jua, ongeza.

Vitu visivyoingia kabisa: aluminiamu, kabureta, vishikio vya milango na vya kuzungushia vioo, ambavyo vimesubuliwa kwa zinki, na chochote chenye kromu unayoitaka, kwa sababu molasi hupenya chini ya kromu iliyopasuka na kuibandua. Bearingi, springi na vyuma vilivyokaangwa viwe vigumu navyo viache, vinaweza kutoka na vishimo. Chuma cha kusubu, kama ngoma za breki, kinaingia lakini kitazamwe mapema. Kikizidishiwa muda uso wake unageuka unga mweusi. Chasisi ni ndefu mno kwa sanduku lolote la maana. Chasisi ipigwe mchanga wa presha, kwani unene wake unauhimili. Mchanga huohuo ukipigwa kwenye mlango au boneti, karatasi inapinda mawimbi ambayo hata fundi bodi hodari wa Mwanjelwa hatayanyoosha bila kuyafunika kwa puti nene.

Njia nyingine zina nafasi yake. Umeme, kwa chaja ya betri ya volti 12 na magadi kwenye maji, unamaliza bawaba kwa siku moja, ila unasafisha zaidi upande unaotazamana na chuma cha pili kinachofungwa kwenye chaja, na hutoa hewa ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Chuma hicho cha pili kisiwe stenlesi, kwa sababu hutoa kromiamu yenye sumu kwenye maji. Umeme ukikatika kazi inasimama, wakati molasi inaendelea. Asidi ya betri, ambayo baadhi ya mafundi huipenda kwa haraka yake, tunaikataa kabisa kwenye kabini: inajificha kati ya karatasi mbili, na miezi michache baada ya rangi mpya kutu inatokea kutoka ndani. Kibadilisha kutu cha asidi ya fosforiki ni kizuri kwa kumalizia. Kutu nene kinaishika juu tu.

Baada ya molasi, saa za kwanza ndizo zinazoamua. Osha kwa presha ndani na nje, elekeza maji kwenye kila mshono, kisha suuza kwa maji yenye magadi kidogo na tena kwa maji safi. Pulizia mishono kwa kompresa mpaka isitoe tone, halafu jua. Chuma kilichosafika hivi hupata kutu nyekundu nyepesi ndani ya dakika chache siku ya unyevu, na Tukuyu wakati wa mvua hilo ni karibu hakika. Ikitokea, ifute kwa asidi ya fosforiki iliyozimuliwa, ioshe na kuikausha vizuri; praima ya epoksi ikipigwa juu ya mabaki ya asidi haishiki. Epoksi ipigwe siku hiyohiyo, juu ya chuma kitupu, na puti ije juu ya epoksi. Puti hunyonya unyevu, ikiwekwa moja kwa moja juu ya chuma inapeleka maji palepale ulipotoa kutu. Usipige epoksi jioni ya baridi: chini ya nyuzi 15 hivi hukawia sana kukomaa, inabaki laini na kuziba msasa. Piga saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapasha chuma. Ndani ya milango na pembe za kabini, pasipofikika kwa bunduki ya rangi, mimina nta ya kuzuia kutu baada ya rangi yote kukauka, na uhakikishe vitundu vya kutolea maji viko wazi.

Mchanganyiko mmoja unasafisha mizigo mitatu au minne ya vifaa. Ukiona wiki tatu za joto zimepita na kutu haijasogea, mwaga nusu, ongeza nusu mpya. Uliokwisha usipewe ng'ombe hata kama una harufu ya molasi, na dumu lililopimia lisirudi zizini, kwa ajili ya risasi ya rangi za zamani. Usimwagwe mtoni: sukari ikioza ndani ya maji hula oksijeni na samaki hufa, na vijito vingi vya milima yetu vinashuka Usangu kuingia Ruaha Mkuu. Chimba shimo mbali na kisima na shamba la chakula, mimina kidogo kidogo udongo unywe, na tope lililotua chini ya sanduku lizolewe na kutupwa pamoja na taka za gereji.